Ua wa Mbao

Kazi yangu ni kujumlisha.
Mahakamani Toledo, ghorofa ya tatu,
dirisha latazama mto Maumee ukiganda,
na mezani pana jalada la Verlin Stamper,
fundi wa tanuri za kupashia nyumba joto,
miaka arobaini na saba, meno mawili ya bandia,
aliyekutwa na bunduki asiyoruhusiwa kuigusa.

Bunduki ya marehemu baba mkwe,
ya kuwindia kulungu, mtutu una kutu,
imesimama nyuma ya boila kama fagio.
Zimamoto walifuata moshi wa sufuria iliyosahauliwa,
polisi wakawafuata zimamoto.
"Yako?" wakamuuliza.
"Ipo kwangu," akasema.
Angenyamaza. Mdomo uliponza kichwa.

Kwa bunduki peke yake jedwali langu lasema
miezi thelathini na saba, pengine pungufu.
Lakini mtu haji mahakamani peke yake.
Huja na vijana aliowahi kuwa.

Mmoja ana miaka ishirini na minne,
nje ya ukumbi wa boling, theluji imechafuka;
ngumi moja, taya la mtu likaachana.
Huyo simwonei huruma. Nimesoma
barua ya aliyevunjwa: majira yote ya baridi
akila kwa mrija.

Mwingine ana kumi na tisa. Usiku wa Oktoba
anavunja dirisha la jiko la watu,
anabeba redio na chupa ya sarafu.
Wenyewe wako harusini. Hakuna aliyeguswa.
Sheria yaita hilo ukatili.
Sikuitunga mimi; mimi napiga chapa.

Na wa tatu,
wa tatu ni yuleyule wa kumi na tisa,
usiku uleule, viatu vilevile vya tope:
ameruka ua, kaingia kwa jirani.

Tukio moja, au mawili?
Likiwa moja, jumla ni mbili,
na Verlin atarudi kabla mjukuu hajaanza shule.
Yakiwa mawili, jumla ni tatu,
na tatu ni miaka kumi na mitano,
jaji hana ruhusa ya kupunguza hata wiki.

Wakili wa serikali alisimama na ramani:
dakika ishirini, familia mbili, milango miwili;
juu ya ule ua alipata nafasi ya kupumua,
akafikiri, akaendelea.
Wakili wake, Ottilie Prewitt, hakuwa na ramani.
"Mvua ikinyeshea nyumba mbili," alisema,
"hatusemi zimenyesha mvua mbili."

Juri, wale kumi na wawili, wakaingia chumbani
na sandwichi zao. Saa mbili na nusu.
Wakatoka na jibu: mawili.

Jumamosi, bila kumwambia mtu,
niliendesha gari kwenda kuutazama huo ua.
Haupo.
Mashimo ya nguzo yameota nyasi,
nyua mbili zimekuwa uwanja mmoja,
na mbwa mmoja, mzee, mwenye jicho bovu,
anabwekea wageni wa nyumba zote mbili.
Nilikaa garini nikamwacha abweke.

Siku ya hukumu Jaji Hollenbeck alisoma bila kuinua macho.
Akauliza kama mshtakiwa ana la kusema.
Twyla, mkewe, alishika benchi la mbele.
Nilitarajia machozi, au Mungu.
Verlin akakohoa. Akasema
tanuri la Bi Ruhl, mtaa wa nyuma ya kanisa,
linazimika usiku, kipuri alishakiagiza,
kiko kwenye boksi garini,
kuna mtu awezaye kukifunga?

Hakuna kwenye jedwali langu
safu ya kuandikia hilo.

Nimerudia hesabu mara tatu. Iko sawa.
Sahihi yangu iko chini, kwa wino mweusi.

Jioni nikampigia Bi Ruhl.
Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyevaa koti ndani ya nyumba.
Fundi anarudi lini? akauliza.
Nikamtajia mwaka.
Akacheka kwanza,
akidhani nimekosea kusema.